Umechelewa kuomba chuo cha biashara? Shika pesa yako kwanza

Januari ikifika sisi wahasibu wa Bellevue tunageuka kama waganga. Watu wanakuja jioni, wanafunga mlango, wanashusha sauti. "Nataka kusoma biashara. Nimeambiwa nafasi bado ipo, ila lazima nilipe kabla ya Ijumaa. Nina randi elfu nne na mia tano. Nilipe?"

Mwaka huu wameshatuuliza watu wanne na mwezi haujaisha. Mmoja ni dada wa Tanga anayefanya kazi za ndani kule Observatory, analala kwa bosi wake na kurudi Bellevue Jumamosi jioni tu. Mwingine ni fundi wa kupiga plasta, Mkongomani wa Bukavu, mikono yake bado ina saruji alipokuja. Wote wana cheti cha sekondari kutoka nyumbani, na wote wanajua kwamba mgongo una mwisho na bosi naye ana siku yake ya kuhama. Kutaka kwao kusoma hatuna neno nako, tunakupigia makofi. Wasiwasi wetu uko kwenye hiyo Ijumaa.

Somo la leo basi ni hilo: umeshachelewa, dirisha limefungwa au linakaribia kufungwa, na kuna pesa mkononi. Ufanye nini nayo?

Kalenda iliyotudanganya

Wengi wetu tunachelewa bila kujua kwamba tumechelewa. Nyumbani Tanzania matokeo ya kidato cha sita hutoka katikati ya mwaka, dirisha la udahili linafunguliwa, na masomo ya chuo kikuu yanaanza Oktoba au Novemba. Ukikosa awamu ya kwanza TCU hutangaza ya pili, mara nyingine hata ya tatu. Mtu amekua akijua hivyo: unapata matokeo, unaomba, unabeba begi. Kichwani mwetu kuomba na kuanza ni vitu vya msimu mmoja.

Hapa Afrika Kusini mwaka wa chuo unaanza Februari, lakini maombi yake ni ya mwaka uliotangulia. Vyuo vingi hufungua kwenye mwezi wa nne hivi, na vikubwa kama Wits hufunga kozi nyingi mwisho wa Septemba. Mtoto wa hapa anaomba akiwa bado amekaa darasani matriki, kwa kutumia alama za mwaka wa nyuma. Sisi mwezi huo wa Septemba tunawaza safari ya Desemba, nauli, zawadi za mama na blanketi la kupeleka. Tunarudi Januari tumechoka na tumeishiwa, tunapita Doornfontein tunaona foleni ya vijana getini, tunadhani ndiyo siku ya kuomba. Kumbe wale wanakuja kujisajili kwenye viti walivyoviomba zamani.

Foleni ya waliochelewa iliwahi kuua mtu katika mji huu. Asubuhi ya Januari 10, 2012, kwenye kampasi ya Bunting Road ya University of Johannesburg, Auckland Park, maelfu ya watu walikuwa wamejipanga nje ya geti, wengine tangu usiku, wakitafuta nafasi chache zilizobaki. Geti lilipofunguka watu wakasukumana. Mama mmoja aliyemsindikiza mwanawe akakanyagwa akafa, na wengine wakaumia. Baada ya hapo chuo kikaacha mtindo wa watu kujipanga getini, kikahamishia maombi ya waliochelewa kwenye mtandao na simu. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu bado kuna watu wanaambiwa "wewe nenda tu asubuhi na mapema, utaingia." Huingii. Utapoteza siku ya kazi na nauli ya teksi mbili.

Viti vya waliochelewa vinatoka wapi

Nafasi za Januari ni za kweli, hatusemi ni uongo. Chuo kinatoa ahadi ya nafasi kwa masharti kabla matokeo ya matriki hayajatoka. Matokeo yanatoka Januari. Baadhi ya walioahidiwa hawafikishi alama, baadhi wanakwenda chuo kingine, viti vinabaki. Hivyo ndivyo baadhi ya vyuo huvitangaza kwa siku chache. Vyuo vingine havitangazi kabisa, vinachukua watu waliokuwa tayari kwenye orodha ya kusubiri.

Sasa angalia ni nani anaweza kukikalia kiti cha siku tatu. Kijana wa matriki matokeo yake yamo ndani ya mfumo wa hapa, chuo kinayaona kikibonyeza kitufe. Wewe umekuja na cheti cha NECTA, au cha KNEC, au diploma ya serikali ya Kongo iliyoandikwa Kifaransa. Chuo kitakuuliza tathmini ya SAQA, ile mamlaka ya sifa za elimu ya Afrika Kusini, ambayo kazi yake ni kusema cheti chako kina uzito gani kwa vipimo vya hapa. Kwa digrii kitakuuliza pia cheti cha msamaha wa matriki, ambacho kwa wageni hutolewa na ofisi ya umoja wa vyuo vikuu, USAf. Haya hayapatikani kwa siku tatu. Mwenye kuwa nayo mfukoni Januari ni yule aliyeanza kuyatafuta tangu katikati ya mwaka.

Halafu kuna hesabu. Digrii ya biashara au uhasibu inataka ufaulu wa hesabu, na kozi hizi ndizo zinazojaa mapema kuliko nyingi. Kama cheti chako cha kidato cha nne kina F ya hesabu, hakuna dirisha la kuchelewa litakalokusaidia, hata likiachwa wazi mwaka mzima. Kuna stashahada zenye masharti mepesi zaidi, na huko ndiko kwa kuulizia.

Kwa hiyo mtu akikwambia mwisho wa Januari kwamba kiti cha biashara kipo, na hajakuuliza SAQA, hajakuuliza hesabu, amekuuliza pesa tu, basi elewa kwamba anachouza siyo kiti.

Sisi wenyewe tuliliwa

Tusijifanye wajanja. Tulifika Bellevue na digrii zetu za biashara kutoka nyumbani, tukalala wanne chumba kimoja nyuma ya Rockey Street, mchana tunahesabu mifuko ya saruji kwenye stoo ya mkandarasi. Tukataka kozi ya mwaka mmoja ya juu ya digrii, tupate mlango wa ofisi. Ilikuwa Februari, vyuo vyote tulivyovijua vimefunga. Mtu akatupeleka kwenye "chuo" cha katikati ya mji, ghorofa ya tatu. Zulia lipo, kompyuta zipo, picha ya watu wamevaa majoho ipo ukutani. Wakatuambia darasa limebakiza viti vitano, na cheti cha usajili kikatundikwa mbele ya macho yetu kwenye fremu.

Tukalipa randi 3,800 kila mmoja. Risiti tukapewa, yenye muhuri.

Tulisoma wiki sita kwa mwalimu mmoja aliyefundisha kila kitu, kuanzia uhasibu hadi sheria. Mwajiri wetu alipotaka kuthibitisha kozi ili atupe ruhusa za jioni, akatafuta jina la chuo kwenye orodha ya idara ya elimu ya juu. Halimo. Kile cheti kwenye fremu kilikuwa cha CIPC, yaani cha kusajili kampuni. Hata saluni ya Rockey Street inacho. Kinasema kampuni ipo, hakisemi hata neno moja kuhusu kufundisha.

Wahasibu, jamani! Watu wa kukagua vitabu vya wenzao, na hatukufanya ukaguzi wa dakika kumi. Sababu tunaijua: tulikuwa tumechelewa, na mtu aliyechelewa haulizi maswali, anaogopa jibu. Sehemu ya pesa ile mmoja wetu alikuwa ameiweka kwa ada ya mdogo wake. Yule mtoto alikaa nyumbani muhula mzima akichunga mbuzi wa babu, na mpaka leo akitania kuhusu "chuo chenu cha ghorofani" hatucheki sana.

Basi ukaguzi wenyewe ni huu, ufanye kabla ya kutoa hata senti. Idara ya elimu ya juu na mafunzo, DHET, ina orodha ya vyuo binafsi vilivyosajiliwa, na iko wazi kwenye mtandao wake. Tafuta jina la chuo kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, maana matapeli wanapenda majina yanayofanana na ya vyuo vikubwa. Ukilipata, usitulie. Tafuta na kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi unayouziwa isiwe kwenye usajili wake. Kozi halali ina namba yake kwenye orodha ya SAQA na ina ngazi: cheti cha juu ni ngazi ya 5, stashahada ya 6, digrii ya kwanza ya 7, stashahada ya uzamili ya 8, MBA ya 9. Mwambie mtu wa ofisi akuandikie namba hiyo kwenye karatasi. Akianza kuzunguka, chukua begi lako. Kila Januari serikali hutoa onyo kuhusu vyuo vya uongo, wala siyo jambo la siri.

Na pesa, kama ni ya kulipwa, iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Siyo kwa simu ya mtu, siyo taslimu kwa wakala, siyo "nikulipie mimi halafu utanirudishia." Ada ya kuomba kwenye vyuo vya umma, pale inapotozwa, ni mamia machache ya randi. Anayetaka maelfu ili "akuombee" amejipangia mshahara wake.

Hesabu za yule dada

Tumwangalie sasa dada wa Observatory, kwa namba. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 1, 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa, na wafanyakazi wa ndani wanalipwa sawa na wengine tangu mwaka 2022. Kwa saa 45 za wiki inakuja takriban 5,600 kwa mwezi. Tuseme chumba cha kushirikiana anachokishikilia Bellevue anatoa 2,000, nauli 700, chakula na sabuni 1,000, na nyumbani anatuma 1,200 bila kukosa. Anabaki na 700. Hiyo 700 ndiyo mtaji wake wote wa maisha.

Elfu nne na mia tano anayotakiwa kulipa Ijumaa ni zaidi ya miezi sita ya hiyo mia saba. Tena anaitoa Januari, mwezi ambao Wakenya wanauita Njaanuari, wakati shule nyumbani zimefunguliwa na kila simu inayoingia inaanza na "samahani dada." Akiliwa, haitakuwa pesa ya chuo tu iliyopotea. Atakopa kwa mashonisa ili atume ile 1,200, na riba ya mashonisa wote mnaijua.

Geuza upande wa pili. Pesa yake anaiacha ilipo, na 700 ya kila mwezi anaendelea kuiweka kuanzia Februari mpaka Septemba. Hiyo ni miezi minane, randi 5,600 nyingine, jumla inapita elfu kumi. Kwa pesa hiyo analipia tathmini ya SAQA, ada za kuomba vyuo viwili, na bado anabaki na kitu cha kuanzia usajili. Anaingia Februari ijayo akiwa mtu wa orodha, hana haja ya kubembeleza mtu.

"Lakini nitapoteza mwaka mzima!" Aliruka kwenye kiti aliposema hivyo, na tunamwelewa, ana miaka thelathini na moja. Mwaka unauma kweli. Ila yule wa ghorofani alitupotezea huo huo mwaka pamoja na pesa. Kama ni umri, Nelson Mandela alianza kusoma LLB pale Wits mwaka 1943, akaondoka bila kuimaliza, na akaja kuipata kwa UNISA mwaka 1989, akiwa na miaka sabini na bado ni mfungwa.

Makaratasi yanayochelewesha kuliko chuo

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapokwama hata wakianza mapema.

Jina. Cheti cha shule kina majina mawili, pasi ina matatu, hati ya Home Affairs imeandikwa na karani aliyesikia vibaya. Weka karatasi zote mezani leo na uzisome kama unamsomea mtoto, herufi moja moja. Zikitofautiana, anza na hati ya kiapo, halafu fuatilia marekebisho kule karatasi ilikotoka. Kituo cha polisi cha Yeoville wanagonga muhuri nakala na kupokea kiapo bure, hakuna wa kumlipa pale nje. Usigonge nakala nyingi mapema sana, kwani taasisi nyingi huzikataa zikizidi miezi mitatu.

Lugha. Ndugu zetu wa Kongo, karatasi za Kifaransa lazima zitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa mahakamani. Tafsiri ya rafiki anayejua Kiingereza vizuri hairuhusiwi, hata awe mwalimu. Tafsiri hiyo ina gharama, iingize kwenye bajeti.

Cheti chenyewe. SAQA huuliza waliokitoa kama ni cha kweli, na jibu kutoka nyumbani linaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya hapa. Kama cheti kilibaki kwa mjomba kijijini, kianze safari mwezi huu.

Hati ya kukaa. Chuo hakitakusajili kwa karatasi iliyokwisha muda. Wenye hati ya kuomba hifadhi wanaambiwa mitaani kwamba hawaruhusiwi kusoma. Mwaka 2003, katika kesi ya Watchenuka, Mahakama ya Juu ya Rufaa ilisema kuwakataza wote kwa jumla kufanya kazi na kusoma wakati wanasubiri majibu kunagusa utu wao. Sheria imebadilishwa baada ya hapo, kwa hiyo soma karatasi yako wewe mwenyewe imeandikwa nini, na ukiona utata nenda kwa Lawyers for Human Rights, wana ofisi hapa Johannesburg. Usimwendee mtu wa fotokopi. Kwa wanaofikiria viza ya masomo, hiyo inadai bima ya afya ya hapa, nayo ni malipo ya kila mwezi ambayo watu husahau kuyahesabu kabisa.

Ada. Nchi za SADC zilisaini itifaki ya elimu mwaka 1997, iliyosema wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji. Tanzania na Kongo wamo, Kenya na Uganda hawamo. Vyuo vya umma vingi vinafuata hivyo kwenye ada ya masomo, halafu vinaongeza ada ya usajili wa wageni pembeni. Omba makadirio kwa maandishi, yenye vitu vyote, kabla hujashangilia. NSFAS tusiipigie hesabu: ule ni mfuko wa wananchi wa hapa, na wakala anayemwahidi mwenye hati ya kazi au ya hifadhi kwamba atamwingiza, huyo mwogope kama moto.

Milango iliyobaki wazi mwaka huu

Kuchelewa Februari hakumaanishi kukaa bure mpaka Februari.

Vyuo vya TVET vya serikali vina kozi za biashara za N4 hadi N6 zinazokwenda kwa nusu mwaka nusu mwaka, kwa hiyo kuna kuingia tena katikati ya mwaka. Kwetu Bellevue cha karibu ni Central Johannesburg, chenye kampasi yake ya Ellis Park, pale chini tu. Ukimaliza N6 na kufanya kazi inayohusiana na kozi kwa miezi 18, unaomba stashahada ya taifa ya N. Uliza Aprili, usisubiri Juni, na uliza pia kama kozi unayoitaka bado inaendelea, maana baadhi ya kozi za mfumo wa N zinaondolewa.

UNISA inafundisha kwa mbali tangu 1946, na kwa mtu wa kazi za ndani au wa saiti faida yake kubwa ni moja: unalipa kwa somo. Unaweza kuchukua masomo mawili tu, ukapima kama unaweza kusoma saa tatu usiku baada ya kupiga pasi nguo za watu. Hesabu bando la intaneti na mahali pa kukaa kimya. Chumba cha watu wanne hakisomeki, tumejaribu. Nayo ina tarehe zake za kufunga, usidhani kwamba kwa kuwa ni ya mbali iko wazi siku zote.

Mtanzania anaweza pia kutazama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kalenda ni ya nyumbani, cheti chako kinajulikana kule bila kutafsiriwa na mtu, na ada unalipa kwa shilingi. Swali la kuuliza kabla ya yote ni mtihani unafanyikia wapi. Kama ni kusafiri, nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya ada, iandike kwenye daftari pamoja na siku za kazi utakazokosa.

Wale wenye digrii tayari, na mpo wengi mnaobeba matofali hapa na digrii iko kwenye begi chini ya kitanda, mnatuuliza kuhusu shule kubwa za biashara. Wits Business School ya Parktown ipo tangu 1968, GIBS ya Illovo tangu 2000. MBA ni ngazi ya 9, kwa hiyo wanataka uwe na kitu cha ngazi ya 8 na miaka ya kazi. Digrii yetu ya kwanza ya biashara mara nyingi inapimwa kuwa ya 7. Ukiomba MBA moja kwa moja na umechelewa, unakataliwa kwa sababu mbili kwa mpigo. Njia yako ni stashahada ya uzamili kwanza, mwaka mmoja, na hiyo yenyewe ni sifa kamili hata ukiishia hapo. Kwenye shule hizi anayechelewa hukuta misaada ya ada imeshagawiwa waliotangulia, hata kama kiti kimebaki. Kiti bila msaada, kwa bei zile, kwa mtu anayetuma pesa nyumbani, sisi hatukushauri ukikimbilie.

Kozi fupi za utunzaji wa hesabu zipo mwaka mzima, na zingine ni nzuri kabisa kwa mwenye kibanda au anayetaka kusimamia stoo. Nunua ukijua unanunua ujuzi. Karatasi yake mara nyingi haitakupandisha ngazi yoyote.

Na ambao hawakumaliza sekondari lakini wamesimamia watu kumi saiti kwa miaka minane, ulizeni utaratibu wa kutambua ujuzi wa kazini, unaitwa RPL. Ni mrefu, unataka ushahidi, barua za mabosi, picha, mahojiano. Anza kukusanya barua kabla bosi hajahama nchi.

Tumrudie dada wetu. Ijumaa hakulipa. Jumatatu wakala akampigia, nafasi bado ipo, na bei imeshuka hadi elfu tatu. Jumamosi iliyopita alikuja na bahasha yake ya kaki, tukapanga karatasi kwenye meza. Cheti cha kidato cha nne kina D ya hesabu, ambayo kwa baadhi ya stashahada inaweza kuongelewa tathmini ikitoka. Jina la baba kwenye pasi lina herufi moja ambayo cheti hakina. Amempigia mama yake Tanga atafute cheti cha kuzaliwa, aende nacho RITA, na ile elfu nne na mia tano ameirudisha benki. Sisi tumeandika Aprili kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, jina lake na la yule fundi wa plasta.